Dodoso halimtaji mchawi

Tunaporudisha matokeo kwa wananchi, iwe kata ya Samuye, iwe Tinde, iwe kule machimboni Mwakitolyo, swali la kwanza kutoka mkutanoni huwa lile lile: "Sasa daktari, kwa majibu yote hayo mliyokusanya, nani alimuua mtoto?" Huulizwa kwa adabu, mara nyingi na mzee aliyevua kofia kabla ya kusimama. Nikirudi mjini nalikuta limenitangulia ofisini, safari hii limevaa tai: "Mhudumu gani alizembea?" Au: "Kwani huyo mama alichelewa wapi?" Zamani nilikuwa nalijibu kwa upole. Siku hizi nasema wazi kwamba jibu la swali hilo halimo kwenye karatasi zangu, na yeyote anayewaambia analo anawadanganya.

Tuelewane kwanza nazungumzia kazi gani. Kichanga amefariki nyumbani, au njiani juu ya bodaboda, au saa mbili baada ya kufikishwa kituoni. Hakuna aliyempima damu, hakuna aliyempiga picha ya kifua, na amezikwa siku hiyo hiyo na watu wachache. Majuma kadhaa baadaye, msiba ukiwa umepoa, mhojaji anakwenda kukaa na mama na wale waliokuwepo, anawauliza maswali yaliyopangwa kuhusu ujauzito, uchungu, kuzaliwa, na dalili za mtoto tangu alipotoka hadi alipokata roho. Majibu yanasomwa na madaktari wawili, kila mmoja kivyake, na wa tatu huitwa wakitofautiana. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia na programu za kompyuta, kama InterVA iliyobuniwa na Peter Byass wa Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden, zinazokokotoa uwezekano wa kila chanzo cha kifo. Tanzania haikuanza jana. Mradi wa AMMP ulianza kuhoji familia za marehemu mwaka 1992 huko Hai, Morogoro Vijijini na Dar es Salaam. Ifakara na Rufiji wanafanya kazi hii tangu miaka ya tisini, na hapa hapa Usukumani, Kisesa wilayani Magu, kaya zimekuwa zikifuatiliwa tangu 1994.

Sababu ya kuhangaika ni hii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umekuta 25. Katika kipindi hicho hicho vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Chandarua na chanjo vimewaokoa wakubwa. Vichanga wamebaki palepale walipokuwa. Huwezi kukipunguza kifo usichojua kimetokana na nini, na wengi wao hawajawahi kuandikwa chanzo chochote popote.

Nichukue dodoso moja. Ni la kutunga, maana siri za kaya hazitoki kwenye kabati langu, lakini hakuna jibu ndani yake ambalo sijalisoma mara nyingi. Mama ana miaka 22, uzazi wa pili, alijifungulia kituo cha afya na kuruhusiwa siku iliyofuata. Mhojaji, binti anayekijua Kisukuma cha kwao vizuri, anaanza:

"Pole sana mayu. Nieleze mwenyewe, tangu mimba mpaka siku ile. Sitakukatiza."

Hapo ndipo mama mkwe anapodakia. "Mtoto alikuwa mzima kabisa! Alinyonya, alilia, kila mtu alimwona. Siku ya pili akaja mtu kumtazama, siku ya nne mtoto akakataa ziwa."

Mhojaji mzuri haulizi ni mtu gani. Anayaandika maneno ya bibi kama yalivyo, anamshukuru, kisha anamgeukia mama.

"Alilia mara tu alipozaliwa?"

"Ndiyo, tena kwa nguvu."

"Chupa ilipasuka lini?"

"Jumatatu jioni, nikiwa kisimani."

"Ukajifungua?"

"Jumatano alfajiri."

"Yale maji yalikuwa na harufu?"

Kimya kidogo. "Yalikuwa yananuka."

"Siku alipoacha kunyonya, ukimshika alikuwa wa moto au wa baridi?"

"Asubuhi moto. Jioni baridi, hasa miguu."

"Alikuwa anapumuaje?"

Mama hajibu kwa maneno. Anaonyesha kwa kifua chake mwenyewe, haraka haraka, mbavu zikiingia ndani.

"Na kitovu?"

"Kilikuwa chekundu pembeni. Bibi alikipaka dawa."

Bibi anatazama pembeni.

Daktari anayelisoma dodoso hilo hahitaji kukuna kichwa. Chupa ilipasuka zaidi ya siku moja kabla ya kujifungua, tena maji yakinuka. Mtoto alilia na kunyonya, kwa hiyo hakukosa hewa. Siku ya nne aliacha ziwa, joto likapanda kisha likashuka, pumzi ikawa ya shida. Hayo kwa uwezekano mkubwa ni maambukizi ya bakteria kwenye damu, pengine na mapafu yakiwemo, na kitovu kinaweza kuwa kilisaidia. Yule mgeni wa siku ya pili hayumo kabisa kwenye hesabu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshaanza safari yake tangu Jumatatu jioni kule kisimani.

Sasa tuliweke dodoso hilo kando ya kazi ya mpiga ramli, yaani mfumu. Yeye naye, msisahau, huhoji familia, na huo ndio ujanja wake. Huanza kwa pole. Atauliza mtoto alikuwa wa ngapi, alizaliwa wapi, nani aliingia ndani. Kisha huja swali linalofanya kazi yote: "Upande wa machweo wa mji wenu, hakuna mama mtu mzima anayeishi peke yake?" Yupo. Kijiji gani hakina? Familia inatazamana, na kuanzia hapo mfumu hahitaji kusema kitu. Wanasema wenyewe: ugomvi wa mpaka wa shamba, ndama aliyekufa mwaka juzi, salamu iliyoitikiwa kwa sauti ya chini. Swali lililobeba jibu lake tumboni, mhojaji wetu akiliuliza tunamrudisha darasani, na akirudia tunamwondoa kazini. Mfumu akiliuliza analipwa ng'ombe.

Angalieni pia kipimo anachotumia. Anamtafuta mtu aliyemkaribia mtoto muda mfupi kabla ya kifo. Duniani kote, takriban robo tatu ya vifo vya vichanga hutokea ndani ya wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza, katika kaya ya Kisukuma, nani asiyekuja? Wanakuja mashangazi, wanakuja majirani, wanakuja waliosikia kilio cha uchungu usiku. Wanaokuja kuliko wote ni kina mama wazee, kwa sababu ndio wanaomwogesha mtoto, ndio wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto. Wapo karibu na kila kifo kwa kuwa wapo karibu na kila uzazi. Mpiga ramli akitaka nimwamini, na aende kwenye kaya ambazo watoto wanatambaa hivi sasa, aulize nani aliingia ndani ile wiki ya kwanza. Atapata majina yale yale. Hajawahi kwenda, na hatakwenda, maana huko hakuna mteja.

"Lakini alikuwa mzima!" Hapa ndipo hoja nzima ilipojengwa, na hapa ndipo inapobomoka. Kuzaliwa mzima na kubadilika ghafla siku ya tatu, ya nne au ya saba ndiyo sura ya kawaida ya maambukizi. Bakteria walioingia wakati wa uchungu au kupitia kitovu huhitaji muda wa kuongezeka kabla mtoto hajaelemewa, na muda huo wote anaonekana hana neno. Pepopunda inakwenda mbali zaidi: mtoto hunyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha, kati ya siku ya 3 na ya 28, taya linakaza, ziwa linamshinda, akiguswa anakakamaa na mgongo unapinda kwa nyuma. Kule kuanza vizuri ndiko kunakotuwezesha kuitambua. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya vichanga, lakini maana ya tamko hilo ni kwamba visa havifikii kimoja kwa kila vizazi hai 1,000 katika wilaya. Mbegu za ugonjwa huo bado zimo kwenye udongo na kwenye mavi ya ng'ombe, na Shinyanga haijawahi kupungukiwa na vyote viwili. Degedege la saa 24 za kwanza ni habari nyingine. Hilo mara nyingi hutuelekeza kwenye ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo mama anapotuambia ni siku gani, tena kama ni asubuhi au jioni, anatupa kitu kikubwa kuliko mafuvu na vibuyu vyote vya kilingeni.

Wapo wanaonijia na hoja wanayoiona ya mwisho: "Basi nyumba iliyozika watatu mfululizo je? Hiyo nayo ni bakteria?" Inaweza kuwa. Pia inaweza kuwa kaswende ambayo mama hakupimwa kliniki. Inaweza kuwa mlango wa kizazi usiohimili mimba, na aliyejifungua njiti mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kujifungua njiti tena. Inaweza kuwa nyonga ile ile nyembamba iliyochelewesha uchungu wa kwanza na wa pili, au mimba zilizofuatana bila kupumzika. Inaweza kuwa damu ya mama na ya mtoto kutopatana, ambako kila mtoto anayefuata huweza kuwa na manjano makali kuliko aliyemtangulia. Vifo vinavyojirudia ndivyo vinavyotulazimisha kumpeleka mama kwa daktari bingwa. Mpiga ramli anavitumia kumpeleka jirani kaburini.

Na hilo la kaburi silisemi kama tamathali. Kwa takwimu za serikali alizozichambua mwanazuoni Simeon Mesaki, kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu walikuwa wa huku kwetu Usukumani. Mauaji ya vikongwe hayakuishia hapo. Mtu anahukumiwa kwa macho mekundu, katika mkoa uliofyekwa misitu yake tangu ukoloni ili kumfukuza mbung'o, hadi mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI kuirudisha miti na ngitili. Kuni zikiadimika, kinamama hupikia mabua, yakiwemo ya pamba, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Pikia kwenye moshi huo miaka hamsini, halafu uje unionyeshe macho yako. Januari 2015 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, alitangaza marufuku ya waganga wapiga ramli, wakati huo kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Marufuku ilitangazwa, vibao vyao vya barabarani vikabadilishwa maandishi.

Mwenye kutaka ushahidi usiopita kwangu wala kwa mfumu, upo, na umetoka mikoa hii hii. Mpango wa Safer Births ulioongozwa na Hospitali ya Haydom uliwafundisha wakunga wa vituo 30 katika mikoa ya Shinyanga, Geita, Mwanza, Tabora na Manyara. Walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia mwanasesere, wakapewa vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na mfuko wa kumpumulishia, ule wanaouita ambu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, Dk. Benjamin Kamala akiwa mtafiti kiongozi: vifo vya mwanzo vya vichanga vilipungua kwa takriban asilimia 40. Vikongwe wa mikoa hiyo hawakuhamishwa. Wivu wa majirani haukupungua, sidhani. Kilichobadilika ni mikono ya mkunga katika dakika ya kwanza.

Baada ya kumsema mpiga ramli kiasi hicho, ni haki nieleze mahojiano yetu yenyewe yanaweza nini. Tofauti kubwa ni kwamba sisi tumekubali kupimwa. Watafiti wa muungano wa PHMRC walichagua vifo vilivyotokea hospitalini, ambavyo chanzo chake kilijulikana kwa vipimo na kumbukumbu, kisha wakawatuma wahojaji wasioambiwa jibu kwenda kwa familia. Walifanya hivyo India, Ufilipino, Mexico, na kwetu Dar es Salaam na Pemba. Ikaonekana mahojiano yanakosea, na kwa vichanga yanakosea hasa pale dalili zinapofanana: njiti aliyeshindwa kupumua, mtoto aliyekosa hewa, na mwenye nimonia ya kuzaliwa nayo, wote watatu mama atawaeleza kwa maneno yanayokaribiana. Ikaonekana pia kwamba baadhi ya programu za kompyuta, ingawa si zote, ziliwapita madaktari, jambo ambalo wenzangu kadhaa hawapendi kulisikia.

Mizani ya pamba pale ghalani inaweza kukosea kilo moja kwenye gunia lako, juu au chini, lakini mavuno ya msimu mzima wa kata yakajulikana vizuri. Kinachotisha ni mizani iliyolalia upande mmoja, maana hiyo hukosea kila gunia kwa mkulima yule yule. Ndiyo sababu ya kuyapima mahojiano yetu hospitalini, tujue yanalalia wapi. Na ndiyo sababu dodoso la kaya moja halitoshi kumwambia mzazi kwa uhakika mwanawe alikufa na nini, huku madodoso ya kata nzima yakimwambia mganga mkuu wa wilaya nunua ambu, wafundishe hawa, fungua wodi ya njiti pale. Ramli huahidi kinyume chake: uhakika kamili kwa kaya moja, na kwa kata nzima haina la kusema.

Yapo tusiyoweza kuyaona kabisa kwa maneno. Tundu kwenye moyo wa mtoto halisimuliki. Wanaoniuliza kutoka Geita kuhusu zebaki ya kusafishia dhahabu nawajibu vivyo hivyo: inadhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, mama mjamzito asiishike wala asikae karibu inapochomwa, lakini dodoso haliwezi kuitambua. Kule Siaya na Kisumu nchini Kenya, mtandao wa CHAMPS huchukua kwa sindano vipande vidogo vya mapafu, ini na ubongo, familia ikiridhia, na katika vifo vya vichanga wanakuta mara nyingi bakteria kama Klebsiella, wakiwemo wanaozagaa wodini. Mama hawezi kuhojiwa kuhusu Klebsiella.

Nirudi kwa wenye tai. Swali lao ni ramli ile ile kwa lugha ya ofisi, na linaharibu takwimu kuliko wanavyodhani. Mkunga akijua anatafutwa mkosaji, mtoto aliyepumua mara mbili tatu na kunyamaza ataandikwa kuwa alizaliwa mfu. Kwa sababu hiyo swali ninalolijali kuliko yote kwenye dodoso ni dogo sana: alipumua, au alilia, au alijitikisa, hata mara moja? Na kama hakufanya hivyo, ngozi yake ilikuwa nzima au imebabuka? Ngozi iliyobabuka kwa kawaida inamaanisha alifia tumboni saa kadhaa au siku kadhaa kabla ya kuzaliwa. Ngozi nzima mara nyingi inamaanisha alikuwa hai uchungu ulipoanza, au pengine alikuwa bado hai wakati anafunikwa khanga. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yalipojaribiwa katika hospitali nane nchini, ripoti ya Georgina Msemo na wenzake ya mwaka 2013 ilionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vimeshuka kwa asilimia 47. Wale waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamezaliwa wafu na ngozi nzima nao walipungua kwa asilimia 24. Kwa hao wa mwisho mafunzo hayakufufua mtu. Walikuwa wazima, hawakuwa wamepewa hewa tu.

Kuhusu "mama alichelewa", someni dodoso lenyewe. Shirika la Afya Duniani liliweka humo maswali ya siku za mwisho: kulikuwa na mashaka kama matibabu yanahitajika, dawa za asili zilitumika, usafiri wa gari ulipatikana, hospitali iko zaidi ya saa mbili, gharama ziliizidi kaya? Majibu ya machimboni nayajua kabla ya kufungua ukurasa. Baba yuko chini ya duara, yaani shimo la mgodi, simu haipatikani. Pesa iko kwake. Kaya ilikuja na rashi ya dhahabu miezi miwili iliyopita, mwenyekiti wa kitongoji haijui, mhudumu wa afya wa jamii haijui, na itakapotangazwa rashi nyingine itahama kabla mhojaji hajafika. Huyo mama alikaa siku nzima akimsubiri mtu mwenye ruhusa ya kuamua. Mnaandika "alichelewa".

Yafuatayo nayasema upesi kwa sababu yanajulikana, yanarudiwa kliniki kila siku, na tatizo lake ni kutofanywa.

Nenda kliniki mapema, pima kaswende na wekundu wa damu, kamilisha sindano za pepopunda. Chupa ikipasuka, uchungu uwepo usiwepo, usilale nyumbani. Mtoto akaushwe mara moja, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa moja, asiogeshwe kabla ya saa 24. Njiti abebwe kifuani kama kangaruu mchana na usiku. Utafiti uliohusisha Muhimbili, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba kuanza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo kwa robo. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, bila mafuta, bila kinyesi, bila mate. Wanaoniuliza kuhusu dawa ya klorheksidini: iliokoa watoto Asia ya Kusini, lakini ilipojaribiwa Pemba haikupunguza vifo kwa kiwango cha kuonekana, kwa hiyo msiitafute kama muujiza. Ukitolewa kituoni, rudi siku ya tatu, rudi siku ya saba, hata kama mtoto hana neno. Akiacha kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikibonyea, akipata degedege, akilegea, kitovu kikiwa chekundu au kikitoa usaha, manjano yakifika viganjani na nyayoni, ondoka saa hiyo hiyo. Usisubiri kupambazuke, usisubiri baba apande kutoka shimoni. Piga 115, namba ya M-mama, mfumo uliojaribiwa Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, kabla ya kuzinduliwa kitaifa 2022. Ni bure, na gari au dereva wa kijiji atatafutwa.

Mhojaji akija, mama ndiye akae mbele. Baba na bibi watapata zamu yao. Kadi ya kliniki iletwe hata kama imechanika. Hakuna malipo kwa upande wowote, na hakuna jina la jirani litakaloandikwa. Kabla ya hapo, kifo chenyewe kiripotiwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa mtendaji, kwa sababu tusichoambiwa hatukihoji. Mtoto aliyepumua dakika tano anaandikwa mara mbili, kwenye kitabu cha vizazi na kwenye kitabu cha vifo.